Choki ya Invata

Choki ya invata, ambayo vitabu vya ufundi huiita riakta ya upande wa mota, ni koili tatu za waya mnene, moja kwa kila fezi, zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma na kuwekwa baina ya mota na invata, yaani chombo kinachotawala kasi ya mota kwa kubadilisha hezi za umeme. Mkoani Iringa na Mbeya haja yake hudhihiri pale mota inapokuwa mbali na paneli, mathalani katika viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, ambako feni za kunyaushia majani hupangwa safu ndefu.

Invata haitoi wimbi laini kama la gridi, bali hukatakata umeme mnyoofu wa volti 560 hivi maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato waweza kupanda kwa sehemu moja ya kumi ya maikrosekunde. Mpando huo hukimbia katika kebo kiasi cha mita 150 kwa maikrosekunde, ukagota penye mota na kurudi, na hapo unapogota volti hukaribia maradufu, takriban 1,100. Nao ukiwa mkali hivyo, mita 8 za kebo zatosha. Ukiifungua mota iliyokufa kwa maradhi haya, aghalabu huikuti imeungua yote: vanishi ingali yang'aa, illa mizunguko ya kwanza ya waya, karibu na mlango wa umeme, ina doa jeusi. Kwa hiyo mota iliyosukwa upya kwa waya wa kawaida yastahili hifadhi kuliko mpya iliyoundwa kwa ajili ya invata.

Choki hupunguza ukali wa mpando, na pia hutuliza mkondo wa ziada unaomezwa na kebo ndefu, ambao huzimisha invata ndogo bila sababu ya dhahiri. Aghalabu huchaguliwa ya asilimia 3, yaani inayokula asilimia 3 ya volti mkondo ukiwa kamili. Kwa mota ya ampea 60 na volti 400, hiyo ni milihenri 0.37 hivi. Walakini kibao cha ampea kisiaminiwe kijuujuu. Vyombo hivi kwa kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na juu ya hapo, kwa kuwa hewa nyepesi haipozi vema, hupunguzwa kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Basi choki ya ampea 60 ikifika Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ihesabiwe kuwa ya 56. Hesabu hii ndiyo isahauliwayo zaidi, ilhali haigharimu kitu. Tena hezi za kukatia zilizowekwa katika invata zisipite kiwango cha mtengenezaji wa choki, maana kiini kitachemka.

Choki hufungwa kando ya invata, si kando ya mota, mahali penye hewa, kwani huwa ya moto mno; kebo iwe ya ngao, na ngao ifungwe ethi ncha zote mbili. Kapasita za kurekebisha pawafakta zisiwekwe kamwe upande huu. Choki haiponyi beringi zinazoliwa na mkondo wa shafti, na kwa pampu ya kisima kirefu, kebo ikizidi mita 100 hivi, kifaacho ni filta ya kulainisha wimbi.