Boti Yako Ikaguliwe Lini? Jibu Lipo Katika Historia ya Ziwa Letu

Kila ikifika Desemba simu yangu haipumziki. "Shikamoo bwana samaki, cheti cha boti kimeisha, nifanyeje?" Mwingine anauliza kama akipaka rangi mpya atapita. Anayeuliza Desemba ameshachelewa, maana wenzake wote nao wameamka siku hiyo hiyo.

Jibu fupi ni hili. Chombo hukaguliwa mara moja kila mwaka, kabla cheti cha zamani hakijaisha, kikiwa kimevutwa nchi kavu na kimeondolewa mizigo yote. Ukaguzi wa usalama wa chombo ni kazi ya TASAC, na ofisi yao ipo hapa Kigoma. Sisi maafisa uvuvi wa halmashauri tunashughulika na usajili wa chombo cha uvuvi na leseni ya kuvua. Usichanganye karatasi hizo mbili. Leseni ya uvuvi inakuruhusu kuvua dagaa na migebuka. Haisemi kwamba mbao zako ni nzima. Mwenye Hiace anajua kwamba hapewi leseni ya LATRA mpaka gari likaguliwe, wala hashangai. Mtu huyo huyo akiwa na boti Kibirizi anaona mkaguzi anamwonea.

Nadhani hashangai kuhusu gari kwa sababu anajua breki zikifa nini kitatokea. Kuhusu boti hatujasimuliana vya kutosha. Kwa hiyo leo nakusimulia ukaguzi huu ulitoka wapi, kisha turudi kwenye tarehe.

Anza na Ujiji. Mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji, vyombo walivyovikuta na kuvikodi kwenda kaskazini vilikuwa mitumbwi ya gogo moja. Magogo makubwa yalitoka ng'ambo, milima ya Ugoma, upande ambao leo ni Kongo. Mtumbwi wa gogo hauna kiungo. Hauna mahali ambapo ubao mmoja unakutana na mwingine, hivyo hauna pa kuziba kwa pamba na lami. Ukipasuka, ufa unauona. Tena aliyepanda alimjua aliyeuchonga, au alimjua nahodha, na nahodha alimjua mchongaji. Ukaguzi ulifanyika kwa macho na kwa sifa ya mtu.

Mbao zilipoingia, hali ikabadilika. Boti ya mbao ina mkuku chini, ina mataruma yanayoshika mbao, ina misumari inayokula kutu ndani kwa ndani, na viungo kwa mamia. Sehemu inayoua haionekani ukiwa umesimama ufukweni. Ikaja injini, na injini ikaleta abiria wasiojuana. Mama anayetoka Kagunga na mzigo wake wa kwenda soko la Kigoma hamjui fundi aliyetengeneza boti. Hawezi kuuliza, na akiuliza hatajibiwa. Hapo ndipo anahitajika mtu wa tatu atazame kwa niaba yake.

Wazo hilo halikuanzia kwetu. Marekani, miaka ya 1830, meli za mvuke kwenye mito zilikuwa zikilipuka na kuua abiria wengi, mpaka mwaka 1838 ikatungwa sheria: mwili wa meli ukaguliwe kila miezi 12, na boila kila miezi 6. Tazama hesabu hiyo. Kinachochoka haraka kinatazamwa mara mbili, kinachochoka polepole mara moja. Ile "kila mwaka" unayoilalamikia ina karibu miaka 200. Na sheria ile ya kwanza ilikuwa dhaifu. Milipuko iliendelea, ikabidi irekebishwe kwa ukali mwaka 1852.

Sasa rudi Kigoma, maana darasa kubwa la ukaguzi lipo hapa bandarini. Meli unayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli, kisha kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza.

Mwaka uliofuata Wajerumani walijua wanaondoka. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini mafundi walioiunganisha hawakuizamisha kama mtu anayetupa takataka. Kwanza walizipaka injini grisi nzito kila mahali, wakajaza mchanga ndani ya meli, ndipo wakaishusha chini taratibu. Wabelgiji waliwahi kuiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na walipofungua injini na boila wakakuta bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa.

Miaka karibu minane chini ya maji, na injini ikawaka! Mimi huwaambia vijana wa mwaloni: injini yako ya kupachika hukaa juu ya maji mwaka mzima na bado inakufa, kwa sababu hakuna aliyeifungua na kuipaka kitu. Ile grisi ya Julai 1916 ni kazi ya watu waliofikiria siku ambayo chombo kingetazamwa tena na mtu mwingine.

Lakini usidhani ubao na injini ndiyo habari yote. Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokosea.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Desemba 2014, katika ziwa letu hili, upande wa Kongo, MV Mutambala ilizama ikiwa imejaa watu na mizigo, wakafa watu 129. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Ukara. Kivuko kile kilijengwa kubeba watu wapatao 100. Waliokufa walikuwa 228. Injini zake zilikuwa zimetoka kufanyiwa matengenezo miezi michache tu nyuma.

Umeona? Injini nzima, gati linaonekana, ziwa tulivu, na bado. Cheti kinasema chombo kilikuwaje siku ya ukaguzi kikiwa kitupu. Hakiwezi kusema kimepakia nini Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa weka upande wa pili wa mizani jambo ambalo sisi wa Kigoma tuliliona kwa macho yetu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga kwa makumi ya maelfu. Kijiji kile kina milima nyuma na ziwa mbele, wakati ule hakukuwa na barabara, na kipindupindu kilishaingia. Liemba ilitumwa kuwachukua. Kila safari ilibeba watu wapatao 600, ambao ndio uwezo wake, ikawashusha Kigoma, ikarudi tena. Fikiria watu wale waliobaki ufukweni wakiiangalia meli ikiondoka. Kama kuna siku ambayo mtu angesamehewa kupakia kupita kiasi, ni ile. Meli ya miaka 100 ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Ukiniambia abiria wa Kibirizi wanalazimisha kupanda, nitakukumbusha Kagunga.

Uingereza walilitafutia suala hili la mzigo dawa nyepesi. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipigana miaka mingi bungeni mpaka mwaka 1876 sheria ikataka kila meli ichorwe alama ubavuni: maji yakifika hapa, acha kupakia. Wenye meli waliachiwa kuchagua wenyewe pa kuichora, na mpaka mwaka 1890 ndipo sheria ilipowaondolea uhuru huo. Unajua kwa nini. Mchora mstari akiwa ndiye mpokea nauli, mstari hupanda juu. Wewe mwombe mkaguzi akuonyeshe mahali pa mstari, uupake rangi nyeupe. Abiria hana haja ya kujua kusoma ili auelewe.

Kwetu Tanzania, kazi hii ya ukaguzi imepita mikononi mwa taasisi kadhaa. SUMATRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 ikishika nchi kavu na majini kwa pamoja. Sheria ya mwaka 2017 ikaleta TASAC kwa upande wa majini, iliyoanza kazi mwaka 2018, na LATRA ikafuata mwaka 2019 kwa upande wa nchi kavu. Kama una cheti cha zamani chenye jina la SUMATRA kimefungwa kwenye nailoni, kitunze kama kumbukumbu ya familia. Hakikuvushi popote.

Nami nina deni la kulikiri. Nikiwa mgeni kazini, mzee mmoja aliniita mwaloni nitazame kipe chake kabla hajampelekea mkaguzi. Nilisimama ufukweni, nikaona rangi mpya ya bluu inang'aa, nikamwambia, "Mzee wangu, hapa huna tatizo." Sikuingia ndani wala sikuinua sakafu. Wiki ya tatu, usiku wa giza, ubao wa karibu na mkuku ulifunguka wakiwa na taa majini. Walipona wote kwa sababu kipe kingine kilikuwa karibu. Mzee hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Tangu siku ile sitazami rangi. Na nikiona rangi mbichi siku ya ukaguzi, naanza kutafuta inaficha nini.

Sasa tarehe. Wavuvi wa dagaa mnajua kalenda kuliko mimi: kwenye mbalamwezi taa haivuti samaki, na vipe vinapumzika. Mapumziko hayo ndiyo nafasi yako ya kila mwezi ya kuvuta chombo juu bila kupoteza kipato. Kwa ukaguzi wa mwaka kuna nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wengi waliinung'unikia miezi ile mitatu, nami nawaelewa, njaa haina kalenda. Lakini waliovuta vipe wakabadilisha mbao walirudi majini wakiwa na chombo kipya. Ziwa likifungwa tena, usikae ukihesabu siku. Kama chombo chako ni cha abiria na hakifungwi, chagua mwezi mmoja kabla cheti hakijaisha, siyo wiki moja.

Kabla ya kumwita mkaguzi, kikague wewe. Chukua bisibisi, inua sakafu, gusa kila ubao wa chini. Ukizama bila nguvu, ubao huo umekufa, usiuzibe, ubadilishe. Mwaga ndoo chache za maji ndani chombo kikiwa nchi kavu, kisha zunguka nje utazame panapotoka unyevu. Ukichelewa kukirudisha majini mbao zitakauka na viungo vitafunguka, kwa hiyo usikivute mwezi mzima kabla. Washa injini mbele ya mkaguzi, siyo nyumbani. Jaketi okozi zihesabiwe kwa vichwa, pamoja na mtoto wa mgongoni, na kila moja ifungwe kamba uone kama inafungika. Kuwe na kitu cha kufulia maji, makasia ya akiba, tochi, na mtungi wa kuzimia moto kama unabeba petroli.

Siku ya ukaguzi njoo na karatasi za umiliki, cheti cha zamani, na nahodha mwenyewe, siyo mdogo wake. Ada lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, udai risiti. Na mkaguzi akitaka uondoe sakafu yote, usimwambie kwamba mwaka jana hawakuiondoa. Iondoe.