Sumaku, umeme na kumbukumbu: safari ya picha ya ubongo hadi Unguja

Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja, na haukurudi hadi Machi 2010. Kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ilipata hitilafu, kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Waliokuwepo wanakumbuka majenereta yakinguruma mchana kutwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na ndoo zikipanga foleni kwa sababu pampu za maji nazo zilikufa.

Kisa hicho hakisimuliwi katika historia ya tiba, lakini hapo ndipo pa kuanzia. Mashine ya kawaida ya MRI, ile inayopiga picha ya ubongo bila kupasua fuvu, ni sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi karibu 269 chini ya sifuri. Ubaridi huo unadai umeme usiku na mchana, chumba chenye kinga maalumu, na fundi ambaye mara nyingi lazima apande ndege. Sumaku ya namna hiyo isingeyapita salama majira yale ya giza. Kwa hiyo mtu anapozungumzia akili mnemba inayosoma ubongo wa mzee na kugundua ugonjwa wa kusahau kabla haujashika, suala la kwanza kwetu ni hiyo picha itakayosomwa itatoka wapi.

Zamani picha haikuwepo kabisa. James Parkinson alipoandika mwaka 1817 juu ya ugonjwa wa kutetemeka, baadhi ya wagonjwa wake alikuwa amewaona wakipita tu barabarani London. Alois Alzheimer naye alisubiri hadi mgonjwa wake, Auguste Deter, afariki mwaka 1906, ndipo akauweka ubongo wake chini ya hadubini. Kuutazama ubongo wa mtu aliye hai kulianza baadaye sana, na Afrika ina sehemu yake. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akifundisha fizikia Cape Town, aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur. Huko akaanza kujiuliza namna ya kukokotoa, kwa mionzi inayopita mwilini kutoka pande nyingi, kilichomo ndani. Hesabu zake hazikushughulikiwa na watu wengi. Oktoba 1971, Mwingereza Godfrey Hounsfield, kwa njia yake mwenyewe, akampiga mgonjwa picha ya kwanza ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. MRI ilifuata katika miaka hiyohiyo.

Kompyuta kuzisoma picha hizo ni mambo ya juzi. Mwaka 2004 Marekani na Canada zilianzisha mradi wa ADNI, wa kukusanya picha za ubongo za wazee wazima, za walioanza kusahau na za wenye Alzheimer, na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Hazina hiyo ndiyo iliyogeuka kitabu cha kufundishia mashine. Mashine huonyeshwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yanajulikana, ikarekebishwa kila inapokosea, mpaka inaanza kutambua kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ndogo ya ndani inayohusika na kumbukumbu, mapema kuliko jicho la daktari. Mwaka 2018 watafiti wa San Francisco walitangaza programu iliyotambua Alzheimer kwa wastani wa miaka sita kabla madaktari hawajatamka jina la ugonjwa. Magazeti yalishangilia. Wachache waliandika kwamba jaribio lake huru lilikuwa na wagonjwa 40 tu.

Na walioingia katika hazina kama ADNI walikuwa Wazungu kwa wingi mno, tena waliosoma sana, wenye kuishi karibu na hospitali kubwa. Kompyuta haina habari ya mzee wa Makunduchi aliyelima maisha yake yote, akaugua malaria mara zisizohesabika, na hakuingia skuli ila chuo cha Kurani. Ikimwona, itampima kwa kipimo cha mwalimu mstaafu wa Boston. Hilo si kosa la hesabu, ni upungufu wa watu, na upungufu wa watu hautibiwi na kompyuta kubwa zaidi.

Kazi iliyoanza kuuziba upungufu huo Tanzania haikuhitaji hata plagi. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, timu ya Richard Walker na Catherine Dotchin kutoka kaskazini mwa Uingereza, pamoja na wenzao Watanzania, ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071 kutafuta wenye Parkinson. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana watu zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini, seuze kupewa dawa. (Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, imo ndani ya mbegu za upupu, mmea ambao sisi tunaujua kwa kuwasha tu.) Baadaye katika vijiji 6 vya Hai walichunguzwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na makadirio yakawa kwamba 6.4 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Hapo ndipo ule msemo wa kwamba Waafrika hawapati maradhi haya ulipokosa pa kusimama.

Kilichonivutia zaidi Hai ni kipimo chenyewe. Vipimo vya Ulaya humtaka mzee achore saa au asome sentensi, na asiyewahi kushika kalamu huonekana mgonjwa hata akiwa na akili timamu. Kipimo kilichotengenezwa huko, kiitwacho IDEA, kinamuuliza mzee leo ni siku gani, daraja ni kitu gani, nani kiongozi wa kijiji. Ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akumbuke maneno aliyotajiwa punde. Kisha muulizaji anapanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani, anazivuruga, anamwambia mzee azipange vilevile. Kompyuta yoyote itakayosoma ubongo wa wazee wetu itahitaji majibu ya namna hii kando ya kila picha, la sivyo haitajua nani mgonjwa na nani mzima.

Picha yenyewe imepata njia mpya Uganda. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, yalishuka masanduku kutoka Uholanzi yenye vipande vya mashine ndogo ya MRI. Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden, Delft na Marekani, walipanga vibonge vya sumaku kimoja kimoja ndani ya pete 23, wakaziunganisha pete, wakasuka koili, wakawasha. Tangu masanduku kufika hadi picha ya kwanza kuonekana zilipita siku kama 11, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo hawakuwa wamewahi kujifunza ufundi huo. Mashine ile haina heliamu. Nguvu ya sumaku yake ni kama moja kwa thelathini ya ile ya hospitali, kwa hiyo picha yake huwa na ukungu.

Waliokusudiwa kwanza hawakuwa wazee bali watoto wenye vichwa vikubwa kwa maji yaliyojaa ubongoni, maradhi ambayo Mbale, mashariki mwa Uganda, imeyatibu kwa miaka mingi. Watafiti walipojaribu kuipa akili mnemba kazi ya kuondoa ukungu katika picha za namna hiyo, ilijitokeza hatari ambayo wauzaji hawaitangazi: mashine inapokosa habari hubuni. Huchora ukingo safi, wa kupendeza, pahala ambapo ubongo hauna ukingo. Kwa kazi ya kuweka mpira wa kupitisha maji kichwani, madaktari wa upasuaji waliweza kuifaidi hata picha chafu. Picha chafu angalau haidanganyi, na mimi ningeichukua hiyo.

Hata hivyo kazi haikusimama hapo. Boston, Juan Eugenio Iglesias na wenzake walitengeneza programu zinazojifunza kwa picha za kubuniwa kwa makusudi, za kila ubora, ili zisiyumbe zikikutana na picha hafifu. Mwaka 2024 wataalamu wa hospitali ya Massachusetts General walionyesha kwamba mashine ndogo inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, ikisaidiwa na programu hizo, hupima hipokampasi ya mgonjwa wa Alzheimer karibu sawa na mashine kubwa. Huko Kinshasa, Jean Ikanga wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzake wamekuwa wakikusanya picha za MRI na damu za wazee wa Kongo, wenye ugonjwa na wasio nao. Vitu hivyo viwili, mashine nyepesi na picha za watu wetu, ndivyo vilivyokuwa vikikosekana.

Sasa Unguja. Vuga, kando ya bahari, iko hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa V. I. Lenin. Mwaka 2014 katika uwanja wake ilifunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED wa daktari Mhispania José Piquer, wa Valencia. Kabla ya hapo, ugonjwa wa kichwani uliotaka kisu mara nyingi ulimaanisha kuvuka bahari.

Kwa maoni yangu taasisi hiyo ndiyo inayobadilisha swali lote. Bibi anayeuliza jambo lilelile mara tano asubuhi moja, watu wa nyumbani husema keshakuwa mtoto, basi. Wengine hupelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, wengine kwa mganga, wengi hubaki uani. Lakini si kila anayesahau ana Alzheimer. Yuko aliyeteleza chooni wiki kadhaa nyuma, akagonga kichwa, damu ikavilia taratibu kati ya fuvu na ubongo. Huyo daktari wa upasuaji hutoboa tundu, damu ikatoka, na mara nyingi akili hurejea. Yuko mwenye maji yaliyozidi ubongoni, naye hutibika. Kuwatenga hawa na wengine hakuhitaji kubashiri miaka sita mbele. Ni kazi nyepesi kwa kompyuta kuliko Alzheimer, tena yenye tiba mwisho wake. Ningekuwa na sauti katika ununuzi, ningeianza hiyo kwanza.

Na wazee wa kuchunguza hawahitaji kutafutwa gizani. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inamlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni, awe aliajiriwa au hakuajiriwa; ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Ili kulipa, ilibidi wazee waandikishwe shehia kwa shehia, Unguja na Pemba. Daftari la aina hiyo ADNI haikuwa nalo. Wao walichukua waliojitokeza wenyewe. Daftari hilo lakini liliandikwa kwa ajili ya fedha. Kulitumia kwa vichwa vya watu kunataka ruhusa ya mzee mwenyewe angali anajua anachokubali, na ya wanawe akiwa hajui tena. Kunataka pia makubaliano ya mapema kuhusu picha hizo zitakaa katika kompyuta ya nani: ya Mnazi Mmoja, au ya kampuni iliyouza mashine.