Unataka Kuzuru Ulaya Wiki Moja? Hii Hapa Rada Yote ya Viza ya Schengen kwa Msee wa Eastlands

Umeona picha za wasee wamesimama mbele ya Eiffel Tower ukajiuliza hao hutoka wapi. Wengine wametoka tu Umoja, Kayole na Donholm kama wewe. Kuenda majuu wiki moja, kupiga picha na kurudi mtaa si kitu ya watoto wa Karen pekee. Lakini iko na hatua zake, na ukiruka moja unapoteza doh ambayo hairudi. Hapa tunaongea kuhusu kutembea na kurudi. Kama mpango wako ni kufika ukapotelee huko, hii si yako.

Kabla hatujaanza, shika hii. Afisa anayesoma maombi yako hakujui. Hajawahi panda mathree na wewe, hajui kinyozi chako ndio kali Buru nzima. Anakujua kwa karatasi tu, na swali lake ni moja: huyu msee ako na sababu ya kurudi? Kila karatasi unayopeleka inafaa kujibu hilo swali, na zote zisimulie stori moja.

1. Schengen ni nini, na mbona London haimo?

Schengen ni kijiji kidogo cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Huko ndiko mkataba wa kuondoa mipaka ulisainiwa 1985. Saa hii kuna nchi 29 ndani: Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Italia, Uhispania, Ureno, Austria, Uswisi, Ugiriki na zingine. Romania na Bulgaria ziliingia mzima mzima Januari 2025. Viza moja inakuzungusha kote, mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180.

Uingereza haimo. Ireland pia haimo. Kwa hivyo kama ndoto yako ni kuona Arsenal pale Emirates ama Man U Old Trafford, hiyo ni viza ingine kabisa. Schengen inakupeleka Barcelona, Milan na Dortmund.

2. Anza na pasipoti

Unaomba kupitia eCitizen. Ya kurasa 34 imekuwa bob 7,500 tangu Machi 2024. Ukiomba mara ya kwanza unaenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na wengi wa Kanairo huishia Nyayo House.

Ulaya wanataka pasipoti ambayo haijapitisha miaka 10 tangu itolewe, itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao, na iliyo na kurasa 2 tupu. Angalia pia jina. Kama kitambulisho kinasema kitu moja na pasipoti ingine, tengeneza hiyo kwanza.

3. Chagua tao moja ama mbili, usichague bara zima

Huombi viza kwa ubalozi wowote wenye unaskia ni rahisi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, unaomba kwa nchi ya kwanza kuingia. Ukisema Ufaransa siku 5 na Ubelgiji siku 2, ni Ufaransa. Kuomba kwa nchi moja huku hoteli zako zote ziko kwa ingine ni kujichoma mapema.

Kutoka JKIA kuna ndege za moja kwa moja. Kenya Airways huenda Paris na Amsterdam. Kuna pia Air France ya Paris, KLM ya Amsterdam, Lufthansa ya Frankfurt na Brussels Airlines ya Brussels. Hizi za kupitia Addis Ababa, Cairo, Istanbul ama Doha mara nyingi hukuwa nafuu, lakini unalipa na masaa.

Paris, Brussels na Amsterdam ziko kwa laini moja ya treni. Paris hadi Brussels ni kama saa moja na nusu, na Brussels hadi Amsterdam ni kama masaa mawili. Kwa wiki moja, mbili kati ya hizo zinatosha.

4. Karatasi zenyewe

Kila ubalozi uko na orodha yake na hiyo ndiyo ya kufuata. Lakini hizi hazikosi:

- Fomu iliyojazwa na kusainiwa, na picha ya 35 kwa 45 mm isiyozidi miezi 6.
- Bima ya safari inayolipa angalau euro 30,000 ukiwa mgonjwa ama ukihitaji kurudishwa nyumbani. Lazima ifanye kazi nchi zote za Schengen, siku zako zote. Kampuni za bima za hapa Kenya huziuza.
- Nafasi ya ndege ya kuenda na kurudi. Mara nyingi balozi hutaka nafasi iliyoshikwa tu, kwa hivyo usilipe tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka.
- Mahali pa kulala kila usiku. Ukikaa kwa cousin, yeye ndiye anakutumia barua rasmi ya nchi yake.
- Stetimenti za benki za miezi 3 hadi 6.
- Barua fupi inayosema unaenda wapi, siku ngapi, nani analipa, na unarudi kufanya nini.

Sasa, kitu ya kukurudisha. Umeajiriwa? Beba barua ya likizo kutoka kwa mdosi, kandarasi na payslip za miezi 3. Uko shule? Barua ya chuo inayosema muhula unafungua lini. Uko na watoto? Vyeti vyao vya kuzaliwa.

Na kama wewe ni hustler, hapa ndipo wengi hukwama. Biashara yako iko, lakini kwa karatasi haiko. Kinyozi, duka la simu, nganya, movie shop: kama hazijaandikwa mahali, afisa haoni kitu. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, toa leseni ya kaunti, kuwa na PIN ya KRA na ujaze ritani. Stetimenti ya M-Pesa ya till yako pia inasaidia kuonyesha pesa inaingia kila siku. Hii si kazi ya wiki moja. Ndio maana unaanza mapema.

5. Stetimenti ndio huongea zaidi

Kuna mchezo wa zamani: unakopa laki mbili, unaweka kwa akaunti Ijumaa, unaprint stetimenti Jumatatu. Inaonekana. Akaunti iliyokuwa na bob 800 miezi mitano haiwezi amka tajiri bila maelezo. Afadhali akaunti ya elfu 120 iliyopanda polepole kuliko laki tatu zilizodondoka juzi.

Kama kweli pesa iliingia kwa mpigo, eleza. Ilikuwa zamu yako kwa chama? Weka barua ya chama yenye sahihi za viongozi. Uliuza pikipiki? Weka makubaliano ya kuuza. Ni mkopo wa Sacco? Usiuite akiba. Na kama mzazi ama ndugu ndiye anakulipia, leta barua yake na stetimenti zake, pamoja na kitu cha kuonyesha undugu wenu.

6. Tupige hesabu

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na aliye chini ya 6 halipi. Tuseme euro moja ni bob 150, hiyo 90 ni bob 13,500. Kituo cha kupokea maombi kinaongeza ada yake juu.

Nchi pia huweka kiwango cha pesa ya kila siku. Ufaransa inataka euro 65 kwa siku ukiwa umeshika hoteli, na 120 kama huna. Siku 7 kwa 65 ni euro 455, yaani bob 68,250. Ukijumlisha na viza ni bob 81,750, na bado hujalipa tiketi, kulala na bima. Kama hiyo hesabu inamaliza kila kitu uko nacho, ngoja mwaka mwingine. Trip ya kurudi ukidaiwa rent si trip.

7. Siku ya miadi, na mabroka wa tao

Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Usingoje hizo 15. Miezi ya kiangazi nafasi huisha haraka. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza fika 45.

Balozi nyingi hutumia vituo vya nje kama VFS Global. Kazi ya kituo ni kupokea karatasi na alama za vidole. Hakiamui. Kwa hivyo msee yeyote anayekuambia "niko na mtu ndani" anataka kula fare yako tu. Akikupikia stetimenti ama barua ya kazi feki, ni jina lako liko kwa fomu, lake haliko. Maombi yanaingia kwa mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen. Ukipatikana na karatasi feki Ufaransa, Ujerumani wanaona. Na hizo rekodi hukaa mpaka miaka 5. Hiyo ndiyo bei halisi ya broka.

8. Ukinyimwa

Ada hairudi. Unapewa barua yenye sababu zilizowekwa alama na njia ya kukata rufaa, na muda wake. Soma sababu vizuri. Kama ni pesa, jenga akaunti. Kama wametilia shaka kurudi kwako, ongeza vitu vinavyokufunga hapa. Kuomba tena wiki ijayo na karatasi zile zile ni kuchoma 13,500 mara ya pili. Na fomu ikikuuliza kama ulishawahi kunyimwa, sema ukweli.

9. Ukipata

Soma stika. "01" inamaanisha unaingia mara moja tu, ukitoka kuenda London hurudi ndani. "MULT" ni mara nyingi. Angalia pia idadi ya siku: tarehe za stika zinaweza kuwa pana, lakini kama zimeandikwa siku 8, ni siku 8. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mpakani unaochukua picha na alama za vidole na kuhesabu siku zako wenyewe.

Beba hoteli, bima na tiketi ya kurudi kwa begi ya mkono. Viza haikuhakikishii kuingia, na afisa wa uwanja anaweza kuuliza tena.

Kupaki: jaketi ya baridi iko Gikomba, usinunue ya bei ya mall. Nunua adapta ya pini mbili, chaja zetu haziingii. Nyama na maziwa haziruhusiwi, kwa hivyo mutura na mursik zibaki. Ndizi ni sawa, avocado inahitaji cheti. Miraa acha kabisa: Uholanzi waliipiga marufuku 2013, na Ufaransa na Ujerumani pia ni kesi.

10. Ukiwa huko

Malipo ya mtandaoni ya hoteli na treni unaweza fanya na GlobalPay ya M-Pesa. Beba kadi ya benki na euro kidogo mkononi pia.

Louvre ya Paris imeweka bei ya euro 32 kwa wageni wa nje ya Ulaya tangu Januari 2026. Lakini kuna vitu vya bure vyenye maana kwetu. Vienna, tembea Hauptallee ndani ya Prater, pale Eliud Kipchoge alimaliza marathon kwa 1:59:40 tarehe 12 Oktoba 2019. Berlin, pita Brandenburg Gate, karibu na mahali alimaliza kwa 2:01:09 mwaka wa 2022. Brussels, ingia Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, ule chakula cha nyumbani kwa majirani. Na Luxembourg, basi na treni ni bure nchi nzima tangu 2020, hata kwa mgeni, mpaka kile kijiji cha Schengen chenyewe.

Kalenda ya haraka

- Miezi 10 kabla: pasipoti, usajili wa biashara, akaunti moja ya kuweka pesa kila mwezi.
- Miezi 6: chagua nchi, soma orodha ya ubalozi wake.
- Miezi 3 hadi 4: shika miadi, bima, nafasi za ndege na hoteli.
- Baada ya viza: lipa tiketi.
- Baada ya safari: weka pasipoti vizuri. Ukirudi kwa siku zako, maombi yako ya pili yatakuwa na karatasi moja nzito kuliko zote za kwanza.