Siku Moja, Mambo Matatu: Tarehe 7 Julai

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, nyanda za juu za Ufipa huwa zimekwisha kukauka, baridi ya asubuhi yauma, na mahindi yanapukuchuliwa uani. Siku hiyo twaiita Saba Saba. Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona yafaa tukumbushane kwamba siku hiyo imebeba mambo matatu, nayo yote yatuhusu.

La kwanza ni ushirika wenyewe. Mwaka 1923 muungano wa kimataifa wa vyama vya ushirika, ulioundwa London mwaka 1895, ulianza kuadhimisha Siku ya Ushirika Duniani katika Jumamosi ya kwanza ya Julai. Mwaka ule Jumamosi hiyo iliangukia tarehe 7. Tangu hapo tarehe hubadilika, ila mara chache hurudi pale pale, kama mwaka 2018.

La pili ni chama cha TANU. Tarehe 7 Julai 1954, mjini Dar es Salaam, wajumbe 17 walikigeuza chama cha TAA kuwa TANU, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Rais wake. Siku zile Ufipa ilikuwa wilaya ya Jimbo la Magharibi, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Germano Pacha wa Jimbo hilo. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

La tatu ni lugha yetu. Mwaka 2021 UNESCO iliiteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuwa TANU ilikitumia Kiswahili kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Iliadhimishwa kwanza mwaka 2022.

Hapana budi tuseme kweli. Jambo la tatu lilifuata la pili kwa kuchaguliwa. Lakini la kwanza na la pili yalikutana kwa bahati tu. Siku haizai jambo; watu ndio wazaao.

Na lililozaliwa laweza kufa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya umma. Mkulima akakosa mkutano wa chama chake kikuu, mahali pa kuuliza habari za bei, mizani na malipo. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyoufungua mlango tena.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, miaka kumi si kinga. Chama hulindwa na mwanachama ahudhuriaye mkutano, asikilizaye hesabu zikisomwa, na aulizaye asipoelewa. Nanyi viongozi, wekeni vitabu wazi mbele ya wenye mali. Tukifanya hivyo, Saba Saba ya miaka kumi ijayo itatukuta tukipima mahindi yetu katika mizani yetu wenyewe.