Ugomvi wa Kiti cha Takaungu

Ukitoka Kilifi kwenda Mombasa, hujafika mbali utaiona njia ya kushoto inayoshuka Takaungu. Wengi tunaipita tu, macho kwenye simu. Ila vita vilivyotikisa Pwani mwaka 1895 vilianzia huko, tena kama ugomvi wa nyumbani: mzee amekufa, nani akalie kiti?

Turudi nyuma kidogo. Wamazrui waliitawala Mombasa kwa karibu miaka mia, hadi 1837 Seyyid Said alipowanasa viongozi wao kwa hila na kuwapeleka kifungoni Bandar Abbas. Hawakurudi tena. Waliobaki wakagawanyika, wengine Gazi, kusini, wengine Takaungu. Wa Takaungu wakaelewana na Zanzibar. Wa Gazi hawakusahau.

Na aliyekataa kabisa kusahau ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Babake, liwali wa mwisho wa Kimazrui Mombasa, alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Kwa miongo kadhaa Mbaruk alisumbuana na masultani: akibanwa anakimbilia ngome yake ya Mwele, huko bara, akipewa amani anarudi Gazi. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, aliizingira Mwele mpaka ikaanguka. Mbaruk akatoroka. Baadaye kampuni ya Kiingereza iliyopewa Pwani iliona nafuu imlipe mshahara atulie. Akatulia.

Mapema 1895 akafa Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Kampuni ikamtawaza mwanawe, Rashid. Lakini kulikuwa na binamu aliyeona kiti ni haki yake, kwa kuwa babake alikitawala kabla ya Salim. Naye pia aliitwa Mbaruk bin Rashid (majina ya ukoo huu yatakuchanganya, zoea tu). Yeye na nduguye Aziz wakagoma. Waingereza wakawafurusha, nao wakakimbilia kwa mzee wao Gazi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mzee awatoe hao vijana, mshahara uendelee? Au awakumbatie, alipoteze kila kitu? Akawakumbatia.

Agosti 1895 Admirali Rawson aliiteka Mwele. Haikumaliza neno. Aziz alipigana huku kaskazini, Wagiriama wengi wakamuunga mkono, vita vikawa vya msituni, mpaka ikabidi Mwingereza alete wanajeshi kutoka Uhindi. Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa, ni rahisi kumvisha medali ya mpigania uhuru. Polepole. Mashamba ya Takaungu na Malindi yalilimwa na watumwa, na waliotoroka walijificha kule Fuladoyo, bara ya Kilifi. Ukimweleza kitukuu wa mtoro wa Fuladoyo kwamba Mmazrui alipigania uhuru, atakuuliza: uhuru wa nani? Mzee alipigania heshima ya nyumba yake, na kwa hilo alilipa bei kamili. Lakini watu waliomlimia hawakuwa kwenye hesabu.

Na waliobaki Takaungu chini ya Mwingereza je? Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowatengea Wamazrui eneo kubwa la ardhi Kilifi, chini ya wadhamini. Wamijikenda walioishi na kulima humo wakahesabiwa maskwota. Bunge likaifuta sheria hiyo 1989, kesi ikafika mahakamani, na mpaka leo ukitaja "ardhi ya Mazrui" kwenye kibanda cha chai Kilifi, chai itapoa kabla watu hawajakubaliana.

Kila upande una hoja, na kila upande una makaburi ya wazee wake pale. Kabla hujachagua wa kumshabikia, anza na kile kiti cha Takaungu, uulize nani alikitoa, na alikitoa kwa idhini ya nani.