Sajini York na Shamba Lenye Deni



Filamu ya mwaka 1941 kuhusu Alvin York, ile iliyompa Gary Cooper tuzo ya Oscar, inaisha shujaa akirudi kutoka vitani na kukabidhiwa shamba na nyumba nzuri. Watazamaji wanafuta machozi, wanaenda zao. Lakini lile shamba lilimsumbua York kwa njia ambayo bunduki za Wajerumani hazikumsumbua, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza tumjue. Alizaliwa 1887 huko Pall Mall, kijiji cha milimani katika jimbo la Tennessee, Marekani. Walizaliwa watoto 11. Baba alikuwa mkulima na mhunzi. Shule aliisoma kidogo mno. Kulenga shabaha alijifunza akiwinda bata mzinga msituni. Ujana wake ulikuwa wa pombe, kamari na ngumi, mpaka alipookoka mwaka 1915.

Miaka miwili baadaye serikali ikamwita jeshini. Kwenye fomu aliandika kwamba hataki kupigana. Aliomba aachiliwe kwa sababu ya imani, akakataliwa. Mpendwa, usimdharau mtu anayepambana na amri ya sita akiwa tayari amevalishwa sare! Makamanda wake, Meja Buxton na Kapteni Danforth, hawakumfokea. Walikaa naye usiku wakafungua Biblia, wakamsomea hata Ezekieli 33, habari za mlinzi na tarumbeta. Kisha wakampa ruhusa aende nyumbani akatafakari. Akapanda mlimani kuomba, akarudi akiwa na amani ya kwenda.

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne, Ufaransa, kikosi chake cha watu 17 kilitumwa kunyamazisha bunduki za rashasha. Sita waliuawa, watatu wakajeruhiwa, na York, koplo, akabaki na uongozi. Jioni ilipofika walikuwa wamepeleka mateka 132. Baadaye alirudi pale, akawaombea waliokufa wa pande zote mbili.

Alipofika nyumbani Mei 1919, matajiri walimfuata na pesa: tangaza bidhaa hii, panda jukwaa lile. Akakataa. Hakutaka kuuza sare yake. Juni 7 akamwoa Gracie Williams, msichana aliyemngoja.

Hapo wafanyabiashara wa Nashville wakaahidi kumnunulia shamba la karibu ekari 400. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe nchi nzima. Wapendwa, ahadi za harambee mnazijua: mikono huinuka mingi, bahasha zikaja chache. Michango haikutosha, na York akajikuta anadaiwa malipo ya shamba alilodhani ni zawadi. Kisha bei za mazao zikaporomoka baada ya vita. Shujaa mwenye nishani ya juu kabisa nchini mwake akawa mkulima anayehesabu gunia dhidi ya deni. Ilibidi wananchi waombwe tena, ndipo deni likaisha mwaka 1921.

Ungedhani angetulia, alime, alee watoto. Alilea kweli, na mwana mmoja akampa jina la yule Buxton aliyemfungulia Biblia. Lakini alikuwa ameona dunia, akajua kilichowakosesha watoto wa milimani. Akaanzisha shule Jamestown, ya elimu na kilimo, akapigania barabara, na akaweka rehani shamba lake lile lile ili watoto wapate basi la kuwafikisha darasani. Hata filamu aliikataa miaka mingi. Alipokubali, alitaka pesa zake zijenge shule ya Biblia.

Pesa hizo zikaleta watu wa kodi. Dai lilikua na riba mpaka likapita dola 170,000, huku York akiwa kitandani tangu kiharusi cha 1954, Gracie akimuuguza. Mwaka 1961 serikali ilikubali dola 25,000, na wananchi wakachanga kulipa.

Alifariki tarehe 2 Septemba 1964, akazikwa Pall Mall. Gracie alimfuata miaka 20 baadaye. Shule iko mpaka leo, na kilimo bado kinafundishwa pale.