Kengele za Mbao za Rhamu

Paris ina jumba la makumbusho la Rodin tangu 1919, na Oslo ina la Vigeland tangu 1947: mchongaji mmoja, jumba moja, jina mlangoni. Rhamu haina kitu kama hicho. Katika mji huu wa Kaunti ya Mandera, Kenya, ukingoni mwa mto Daua unaoutenganisha na Ethiopia, kazi ya mchongaji husikika kabla haijaonekana, kwani imening'inia shingoni mwa ngamia.

Kengele hiyo, koor kwa Kisomali, hutokana na kipande kimoja cha mti. Mchongaji hukitengeneza kwa nje, kisha hukichimba ndani pole pole, maana ukuta ukiwa mwembamba mno upande mmoja, kazi yote imeharibika. Juu panaachwa mahali pa kupitisha kamba. Ndani hufungwa ndimi za mti, mara nyingi mbili. Mlio wake ni mkavu, ko-ko-ko, na mchungaji anayesaka mifugo vichakani huutambua wa ngamia wake kati ya mingine. Kwa hiyo kazi ilipimwa kwa sikio kwanza. Nyingine zina nakshi pia, ingawa ngamia hana habari nazo.

Mikono hiyohiyo ya wafugaji ilitoa kibao cha kulazia kichwa, vyombo vya maziwa na loox, ubao wa duksi, yaani chuo cha Kurani, ambao juu yake mtoto huandika aya kwa wino wa mkaa, akaihifadhi, akauosha, akaandika nyingine. Uchongaji ulikuwa wa wanaume. Wanawake walisuka, na vyombo vyao vya nyuzi, vilivyofukizwa moshi wa kuni, vilitunza maziwa safarini.

Mbona basi hakuna jina hata moja lililovuma? Linganisha na Ukambani. Huko Wamunyu kila mtu atakutajia Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ufundi uliopata wanunuzi wa Kizungu. Soko ndilo lililomtangaza. Kaskazini soko hilo halikufika: mwaka 1926 serikali ya kikoloni ililifanya eneo la mpaka kuwa wilaya iliyofungwa, hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Waliopita ni maofisa, na baadhi ya vibao vya kulazia kichwa vya Wasomali vikaishia makumbusho ya Ulaya, mara nyingi chini ya jina la kabila, bila la aliyechonga.

Uhuru haukuleta nafuu. Tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na katika vita vya shifta, kati ya serikali na waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilivyoendelea hadi 1967 ngamia waliuawa na kutaifishwa, familia zikakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Mtu aliyebaki bila ngamia ataagiza kengele ya nini? Sheria za dharura zenyewe zilidumu hadi 1991. Baadaye ukaja mtungi wa plastiki, mwepesi na wa bei nafuu, ukachukua kazi ya chombo cha mti. Hakuna wa kumlaumu mama anayeuchagua.

Kwingineko nchini wachongaji walipata jina: Gregory Maloba alisimamisha sanamu ya uhuru Kampala, 1962, na baadaye ndege wa jiwe wa Elkana Ong'esa akafika UNESCO, Paris. Majina yao yapo vitabuni, na wanastahili.

Makumbusho ya Wajir, yaliyofunguliwa 2011, ndiyo yaliyo karibu, na yanaonyesha utamaduni wa kaskazini kwa jumla. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la makumbusho, na Mandera haihitaji jengo kubwa ili ianze. Chumba kimoja Rhamu kingetosha, wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa kengele hii ilichongwa na nani, kwa mti gani, na ilivaliwa na ngamia wa ukoo upi.